Mwamba Haulipi: Nilivyokuja Kuelewa Pesa ya Uchimbaji Kwenye EVE Online

Kwenye EVE Online mwamba haulipi. Unatoa mita za ujazo, basi. Ukiuelekezea leza na kusubiri dakika moja, mchezo unakumwagia mawe kwenye ghala la chombo chako na kazi yake kwako inaishia hapo. Bei ya mawe hayo haijaandikwa popote ndani ya programu. Inapangwa na watu: yule anayejenga meli leo, yule aliyelipuliwa meli jana, dalali aliyeweka oda yake akaenda kulala.

Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu kila kijana anayeniuliza habari za mchezo huu huanza na swali lilelile: "Kaka, jiwe gani linalipa?" Na mimi niliingia na swali hilo. Ukiingia nalo utachimba miezi bila kujua kama unapata au unapoteza.

Kwa asiyeujua, EVE Online ni mchezo wa anga wa kampuni ya CCP Games ya Reykjavík, Iceland, ulioanza Mei 2003. Wachezaji karibu wote wanaishi kwenye ulimwengu mmoja, na seva yake kuu iko London. Karibu kila meli, kila risasi na kila moduli (kifaa kinachofungwa kwenye meli) inayouzwa humo imetengenezwa na mchezaji kutokana na madini yaliyochimbwa na mchezaji mwingine. Uchumi wake ni mzito kiasi kwamba mwaka 2007 kampuni iliajiri mchumi kamili, Eyjólfur Guðmundsson, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri. Fedha ya humo inaitwa ISK.

Nilianza mwaka 2022, nikiwa Mwanza, kwa laptop ya mtumba na intaneti ya simu. Nilidhani umbali hadi London utanikwamisha, maana michezo ya kupigana kwa mtandao wetu huwa ni mateso. Hapa haikuwa hivyo. Seva ya EVE inahesabu mambo kwa sekunde nzima nzima, kwa hiyo mtandao ukichelewa kidogo mchimbaji hata hajui. Kilichouma ni kuupakua mchezo wenyewe, gigabaiti nyingi, nikaupakua kwa vipande vipande na bando la usiku. Umeme nao ukikatika si msiba mkubwa: chombo chako kinaruka chenyewe kwenda mbali na baada ya muda mfupi kinatoweka angani, ilimradi hakuna aliyekuwa anakupiga. Kama ulikuwa unapigwa, hakitoweki upesi, na yanayofuata unayajua.

Akaunti ya bure, ambayo wenyewe wanaiita Alpha, iliniruhusu kurusha Venture, chombo kidogo cha kuchimbia. Nikaanza.

Sasa nieleze hesabu yenyewe, maana ndiyo niliyoitafuta sana bila kuipata kwa Kiswahili. Kiasi cha mawe unachopata hakina bahati nasibu. Katika kipindi nilichochimba mimi, leza ya kawaida kabisa ilitoa mita za ujazo 40 kwa mzunguko wa sekunde 60. Venture inabeba leza mbili, na chombo chenyewe kinaongeza mavuno kwa asilimia 100. Yaani 40 mara mbili mara mbili: 160 kwa dakika kwa mtu asiye na ujuzi wowote. Halafu kuna ujuzi unaosomewa kwa muda. Mining inaongeza asilimia 5 kwa kila ngazi, Astrogeology asilimia 5, na ujuzi wa kurusha Venture yenyewe asilimia 5 nyingine. Vyote vinazidishana. Ukifika ngazi ya nne kwa vyote vitatu, 160 inakuwa kama 276. Ghala la Venture linabeba mita 5,000, kwa hiyo anayeanza analijaza kwa nusu saa, na huyo wa ngazi ya nne kwa dakika kumi na nane hivi.

Mpaka hapo unajua mita. Jiwe gani limo ndani ya mita hizo ndipo watu wanapopotea.

Kila aina ya jiwe ina ukubwa wake. Chembe moja ya Veldspar ni mita za ujazo 0.1. Scordite ni 0.15, Pyroxeres 0.3, Plagioclase 0.35. Leza haijali jiwe ni la aina gani. Inakata mita zilezile. Sasa tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, Veldspar inauzwa ISK 15 kwa chembe na Plagioclase ISK 40. Anayeanza ataikimbilia Plagioclase. Lakini kwa dakika yake ya mita 160 atapata chembe 457 za Plagioclase, kama ISK 18,280. Jirani yake anayekata Veldspar, ambayo kila mtu anaidharau, atakuwa na chembe 1,600, yaani ISK 24,000. Kwa hiyo bei ya chembe igawanye kwa ukubwa wake, upate ISK kwa mita ya ujazo, ndipo uchague mwamba. Na ufanye hivyo kila wiki, kwa sababu mpangilio hubadilika. Nimeona jiwe lililokuwa la kwanza likashuka mpaka la tatu bila mchezo wenyewe kubadilishwa hata nukta.

Kuna upotevu mdogo mdogo usioonekana kwenye hesabu hiyo. Mwamba ukibakiwa na mawe machache kuliko leza inavyokata kwa mzunguko, utapata hayo machache tu na dakika yako itaisha vilevile. Ndiyo maana wachimbaji wazoefu wanapima mwamba kwanza kujua umebakiwa na kiasi gani, na hawazielekezi leza zote mbili kwenye kimwamba kidogo. Ukiona mwamba uko ukingoni, zima leza katikati ya mzunguko. Mchezo unakupa sehemu yako kulingana na sekunde zilizopita. Kwa mtu anayechimba huku akipika au akijibu simu haya hayana maana kubwa. Kwa anayekaa macho, yanaonekana mwisho wa wiki.

Jambo jingine linalozua ubishi ni takataka. Desemba 2021 CCP walileta utaratibu ambapo baadhi ya leza za daraja la juu zinaharibu sehemu ya mwamba wakati zinakata. Watu walilalamika sana, na mpaka leo kuna wanaoamini wanaibiwa mawe yao. Mawe yako hayaguswi. Kinachopungua ni kilichobaki kwenye mwamba. Anayeumia ni atakayekuja baada yako, au wewe mwenyewe kama ukanda wote ni wa kundi lako na mlitaka udumu.

Baada ya mawe, kuchenjua. Hapa ndipo nilipopata hasara ya kwanza niliyoihisi moyoni. Niliona kwamba anayeuza madini yaliyochenjuliwa, Tritanium, Pyerite na mengineyo, anaonekana kupata zaidi kuliko anayeuza mawe. Nikapeleka shehena nzima kwenye mtambo wa kituo cha karibu, nikabofya, nikapata kitu kama nusu ya nilichotarajia. Mtambo wa kituo cha kawaida unaanzia asilimia 50. Ujuzi wa uchenjuaji ndio unaopandisha, na hata ukiusoma wote hadi mwisho pamoja na kipandikizi cha kichwani, kwenye kituo kama hicho unaishia kama asilimia 72. Mitambo iliyoboreshwa ya wachezaji huko kwenye anga zisizo na sheria inaweza kufika 90 na kidogo. Maana yake ni kwamba wanunuzi wa mawe wengi ni watu wenye mitambo hiyo, na bei wanayokupa tayari imebeba uwezo wao wa kutoa 90. Wewe mwenye 50 ukichenjua, unachoma tofauti yote. Asiye na ujuzi auze mawe kama yalivyo. Nilikaa siku kadhaa nimenuna, nikidhani mchezo una hitilafu.

Uongo mwingine, na huu ni mtamu zaidi, ni ule unaosema madini uliyochimba mwenyewe ni ya bure. Kwenye kikundi chetu kidogo cha Waswahili, wengi wakiwa Kenya na mmoja akiwa kazini Doha, huu ulikuwa wimbo wa kila jioni. Tunachimba, tunajenga meli ndogo, tunaziuza, na kila mtu anahesabu bei yote ya meli kuwa faida kwa sababu "chuma ni chetu." Yule wa Doha, ambaye kazi yake ni ya stoo na hesabu za mali ziko damuni, alituuliza swali moja kwenye maongezi ya sauti: "Ndugu zangu, hayo madini mngeyauza vile yalivyo, mngepata ngapi?" Tukapiga hesabu. Meli tulizokuwa tunajivunia zilikuwa zinauzwa chini ya thamani ya madini yaliyomo. Kila meli tuliyouza tulikuwa tunamzawadia mgeni. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, kisha mtu akacheka, na jioni ile hakuna aliyejenga kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia soko kama soko. Soko kuu la EVE liko mfumo wa nyota wa Jita, kwenye kituo ambacho kila mchezaji anakijua. Bei ya Jita ndiyo watu huitaja wanaposema "bei," lakini ziko mbili. Kuna bei ya anayenunua, unamuuzia papo hapo na unaondoka. Na kuna bei ya anayeuza, unaweka mzigo wako kwenye foleni na kusubiri, ukilipa ada ya dalali na kila mara mtu akishusha bei chini yako unalazimika kurekebisha. Kodi ya mauzo ipo kwa vyote viwili, na inapungua ukisomea ujuzi wa hesabu. Ukiuza kijijini, mbali na Jita, utapewa pungufu, maana anayenunua pale anajua atalazimika kusafirisha. Ukisafirisha mwenyewe, saa ulizotumia njiani ni saa usizochimba. Afadhali sasa mawe yanaweza kubanwa hadi ujazo upungue mara mia, jambo ambalo limefanya safari kumi ziwe moja. Lakini mzigo uliobanwa ni thamani kubwa kwenye chombo kidogo, na njia ya kwenda Jita ina watu wanaojipatia riziki kwa kuichungulia mizigo ya wengine.

Nifike basi kwa wavizio.

Mfumo wa nyota una kiwango cha usalama kuanzia 1.0 kushuka hadi chini ya 0.0. Mgeni anaambiwa kuanzia 0.5 kwenda juu ni salama, kuna polisi wanaoitwa CONCORD. Hawakwambii vya kutosha kwamba polisi hao wanaadhibu, hawazuii. Anayekupiga watamlipua, hakika kabisa, lakini wanachukua sekunde kadhaa kufika, na kadiri kiwango cha usalama kinavyoshuka ndivyo wanavyochelewa. Kama chombo chako kinaweza kufa ndani ya sekunde hizo, utakufa, naye atakufa, na mwenzake atakuja kuokota mabaki. Kundi moja la wachezaji liliwahi hata kuuza vibali vya kuchimba kwa ISK milioni 10 na kuwawinda wasio navyo, wakijifanya serikali ya eneo. Watu walikasirika, lakini hawakuwa wamevunja kanuni.

Nililipia akaunti ya Omega ili nirushe vyombo vya daraja la juu ya Venture, na nikachukua Retriever kwa sababu ya ghala lake kubwa. Moduli zote nilizoweka zilikuwa za kuongeza mavuno, ngao sikuiwekea kitu. Kwa wiki chache nilikuwa tajiri. Kisha jioni moja, nikiwa mfumo wa 0.5, nikaenda kuchukua chai. Niliporudi skrini ilikuwa inaonyesha kituo, niko ndani ya ganda la kuokolea rubani, chombo hakipo. Wala sikusikia mlio. Hasira haikuwa kwa waliofanya, ilikuwa kwenye hesabu: bei ya Retriever na moduli zake ilikula mavuno ya siku nyingi nilizoziita za faida. Bima ilirudisha sehemu tu.

Kwa hiyo kwenye hesabu ya malipo kuna mstari ambao mchezo haukuonyeshi, nao ni uwezekano wa kupoteza chombo. Vyombo vitatu vya daraja hilo vimepangwa kwa makusudi kabisa kulingana na mstari huo. Covetor inakata kuliko wenzake na ni nyepesi kufa. Retriever inabeba sana. Procurer inakata polepole zaidi lakini ngozi yake ni nene, na mvizio mwenye akili akiiona ameiwekea ngao anapita. Nilipobadilisha kwenda Procurer mavuno ya saa yalishuka, na ya mwezi yakapanda.

Saa za kuingia nazo ni pesa, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ya jiografia. Seva inazimwa kila siku saa 11:00 kwa saa za kimataifa, ambayo kwetu ni saa nane mchana, na ikiwashwa tena muda mfupi baadaye kanda za miamba zinakuwa zimejazwa upya. Wazungu wengi muda huo wako kazini. Jioni yao, ambayo kwetu ni saa tatu usiku kuendelea, kanda zilizo karibu na soko zimeshaliwa, vimebaki vimwamba vya kuokoteza, na wavizio ndio wanaamka. Anayeweza kuingia saa nane na robo, wakati wa chakula cha mchana, anakuta meza imejaa. Sijui kwa nini ilinichukua muda mrefu kuliona hili. Labda kwa sababu mchezo unaonyesha saa za kimataifa na kichwa changu kilikataa kubadilisha.

Wakati huohuo nilikuwa nimejiunga na kampuni ya wachezaji iliyokuwa inachimba mwezi. Tangu Oktoba 2017 uchimbaji wa miezi haujiendeshi wenyewe tena: wenye kituo cha Athanor wanavuta kipande cha mwezi kwa siku kadhaa, kuanzia 6 hadi 56 wanavyotaka wao, kinavunjwa, na wanachama wanakuja kukata mabaki kabla hayajatoweka. Mawe yake yanaweza kuwa ya thamani kuliko yote niliyotaja. Nilimsimulia mjomba wangu, ambaye amechimba dhahabu Geita tangu ujana wake, nikidhani atacheka.

"Shikamoo Mjomba. Nimeanza kazi yako, lakini kwenye kompyuta."

"Marahaba mpwa wangu. Mwenye duara ni nani?"

Duara kwao ni shimo la kuchimbia. Nikamweleza habari za kampuni na kituo chao.

"Na mifuko inahesabiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia kwao ugomvi haujawahi kuwa kwenye asilimia, kwa sababu asilimia inajulikana kabla hujashuka shimoni. Ugomvi unakuja kwenye mfuko upi unahesabiwa, kabla ya karasha, mashine ya kusaga mawe, au baada, na bei ya siku gani. Nikarudi kwenye kanuni za kampuni yetu nikazisoma kwa macho ya mjomba. Mchezo una daftari linaloandika kila mchimbaji amekata nini kwenye mwezi huo, hapo hapakuwa na wizi. Lakini uongozi ulikuwa unatoza kodi yake kwa kukadiria mawe kana kwamba yamechenjuliwa kwa kiwango cha juu na kuuzwa Jita kwa bei ya muuzaji, huku duka la kampuni likinunua mawe yaleyale kwetu kwa sehemu ya bei ya mnunuzi. Asilimia iliyotangazwa ilikuwa ndogo. Ukiiweka kwenye pesa iliyoingia mfukoni, ilikuwa kubwa zaidi. Niliuliza kwenye mkutano, kwa adabu, nikajibiwa kwamba mwezi una gharama za mafuta na ulinzi, jambo ambalo ni kweli. Niliondoka kwa amani. Sasa nikialikwa popote nauliza kwanza: kodi inapigwa kwenye bei ipi, ya mawe au ya madini, na naruhusiwa kuuza nje?

Yapo mambo makubwa yanayoamua malipo yako ambayo huwezi kufanya lolote juu yake, lakini ni vizuri kuyajua ili usijilaumu. Kuanzia 2020 CCP walipunguza kwa makusudi madini yaliyomo ulimwenguni na kuyagawa upya, wakayaondoa mengine kwenye anga salama, kwa sababu walioshikilia maeneo makubwa walikuwa wamelundika kupita kiasi. Wachezaji walikiita kipindi cha uhaba. Madini yakapanda bei, na mchimbaji mdogo aliyebaki na Venture yake akapata zaidi kwa jiwe lilelile. Vita nayo ni mteja. Katika vita kubwa iliyoanza Julai 2020 na kuisha Agosti 2021, pambano moja la M2-XFE, mwisho wa Desemba 2020, liliteketeza Titan 257, meli ambazo kila moja inameza milima ya madini. Pambano la B-R5RB la Januari 2014, lililotangazwa duniani kote, lilikuwa limeua 75 tu. Kinyume chake, amani ikitanda na wachimbaji wakiwa wengi, bei zinashuka na wewe unabaki kushangaa kwa nini kazi ileile hailipi.

Nimalizie na pesa halisi, kwa sababu vijana wananiandikia wakitaka "kuchimba walipwe dola." Hakuna dola. ISK haiuzwi kwa fedha halisi kihalali. Anayejaribu anafungiwa akaunti, na anayenunua kwake pia. Pesa inaingia, haitoki. Kinachowezekana ni kulipia Omega kwa ISK badala ya fedha yako: unanunua PLEX 500 sokoni, yaani vipande vya mchezo vya kulipia akaunti, unapata siku 30. Niliwahi kujaribu kuishi hivyo mwaka 2023. PLEX 500 zilikuwa zinazunguka kwenye ISK bilioni mbili na ushee. Saa yangu nzuri kwa Retriever, ukitoa makato na safari, ilikuwa kama milioni kumi. Bilioni mbili kwa milioni kumi ni saa 200. Kwa siku 30, ni saa sita na dakika arobaini kila siku. Omega kwa fedha ilikuwa dola 19.99, baada ya kupandishwa kutoka 14.99 mwaka 2022, yaani kama shilingi 50,000 kwa kiwango cha wakati ule. Nilikuwa nafanya kazi kwa shilingi 250 kwa saa, bila kuhesabu bando wala umeme. Mke wangu aliiona karatasi ile ya hesabu mezani, akaisoma, akanirudishia bila neno. Nikaacha Omega iishe.

Bado nachimba, kwa akaunti ya bure na Venture, saa nane mchana siku ambazo kazi inaruhusu. Kwa anayetaka kuanza: jaza ghala la Venture mara kadhaa, uza mawe Jita kwa bei ya mnunuzi, andika kilichoingia baada ya kodi, gawanya kwa muda wote uliotumia, pamoja na wa njiani. Iangalie namba hiyo vizuri kabla hujatoa kadi yako. Kama bado unataka kuendelea, chukua Procurer kwanza, iwekee ngao, na chai ukanywe ukiwa umeegesha kituoni.